Weusi wa Magauni Kumi na Moja

Nyeusi si rangi moja. Nilikuwa nikilisema hilo kila mwanzo wa mwaka mbele ya wanafunzi wa sekondari pale Uvira, na kila mwaka walinicheka. Mimi sikuwa mwalimu wa kemia. Nilikuwa mtu wa maabara: nilipima chumvi, niliosha chupa, niliandaa majaribio, halafu mwalimu akaja kula sifa. Lakini jaribio la wino lilikuwa langu, na siku hiyo hata mwalimu alikaa kwenye benchi na wanafunzi akanitazama.

Nilikata ukanda wa karatasi ya kuchujia, nikachora mstari karibu na mwisho wake, nikaweka tone la wino mweusi juu ya mstari. Kisha nikauning'iniza ukanda ndani ya chupa yenye spiriti kidogo, ncha ikizama lakini tone lisiguse. Mstari uchorwe kwa penseli, nilisisitiza, kamwe si kwa kalamu, maana wino wa kalamu nao utapanda na kukuharibia ushahidi. Spiriti ilipanda taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye pindo la kitenge cha mtu anayevuka mto, na ilipopita kwenye lile tone, weusi ulianza kuachana. Njano ilitangulia. Waridi ikafuata. Buluu ikabaki nyuma, imeng'ang'ania karatasi. Hapo ndipo walipoacha kucheka.

"Basi msidanganyike na kitu kwa sababu tu kinaonekana kimoja," niliwaambia.

Natangulia kusema haya ili ijulikane kwamba nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote niliyeishi naye, na bado nikafanya nilichofanya.

Vita vya pili vya Kongo vilipofika Uvira, mama yangu alibeba sufuria, mimi nikabeba pakiti ya karatasi za kuchujia. Alinisimanga kutoka ziwani hadi Kigoma, na kutoka Kigoma hadi Malawi. "Bantu banabeba unga, we unabeba makaratasi," alisema kila tulipolala njaa. Tulianza safari tukiwa umati mmoja, majirani wa mtaa mzima, lakini njia ilivyozidi kurefuka tuliachana. Wenye miguu iliyovimba walibaki Kigoma. Wenye ndugu Mbeya walibaki Mbeya. Sisi wachache tulifika Dzaleka, kambi iliyokuwa gereza zamani, tukafyatua matofali ya udongo tukajenga. Mdogo wangu wa kiume hakuja nasi. Alibaki Uvira kulinda nyumba, akasema nyumba isiyo na mtu huwa ya wanajeshi.

Kambini elimu yangu ndogo iligeuka kubwa. Jirani alimwagikiwa na chumvi yake yote kwenye udongo, akakaa kizingitini akilia. Nikamwambia azoe vyote, chumvi na udongo, aniletee. Nikavikoroga kwenye maji, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha yale maji mpaka yakauke. Chumvi ikarudi chini ya sufuria, nyeupe kuliko ilivyonunuliwa. Mwingine aliuziwa mafuta ya taa yaliyotiwa maji. Nikamwonyesha namna ya kuyaacha yatulie kwenye chupa iliyopinduliwa kizibo chini, kisha akafungua kizibo kidogo maji yakatoka yote yakabaki mafuta. Kuanzia hapo watu wakaniita Madame, kama wanavyoitwa walimu wa kike kwetu. Nilipenda kuitwa hivyo. Sitajidai sikupenda.

Katika mwaka wetu wa pili ilikuja barua iliyopita mikono mingi, ikisema mdogo wangu aliuawa mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiilinda, miezi mingi iliyopita. Siku ile sikulia. Nilisonga nsima, nikala, nikaosha vyombo. Kesho yake ndipo nililia, kwenye pampu ya maji, ndoo imeshajaa na wanawake nyuma yangu wakisubiri zamu. Hakuna aliyenihimiza niondoke.

Hatukuwa peke yetu. Katika kanisa letu wanawake wengi wa Uvira na Fizi walikuwa wamepata barua za namna hiyo. Kwetu mfiwa huvaa nyeusi, na muda wake ukiisha watu hukusanyika, naye huivua mbele yao na kurudi kwenye vitenge vyake. Lakini utamvalia vipi nyeusi mtu ambaye umesikia kifo chake mwaka umeshapita, na kaburi lake hulijui? Kila mmoja aliogopa kuanza peke yake. Ndipo mama aliyekuwa prezidanti wa wanawake kanisani, mtu wa Fizi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, akasema tufanye kilio kimoja. Wanawake kumi na mmoja, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Tuvae siku moja na tuvue siku moja.

"Asikuwe mutu wa kusema kilio yangu ni kubwa kuliko yako," alisema. "Kitambaa kimoja, bamama. Kama ya mutu mumoja."

Nani aende Lilongwe kununua? Wote wakanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kubwa, nikakamata minibasi mpaka Old Town. Nilizunguka maduka matano nikisugua vitambaa kwa kidole kilicholowa mate, nikitazama kama kidole kinabaki cheusi. Duka la sita lilikuwa la Mhindi aliyekulia Tanga, Kiswahili chake kitamu kama cha redio. Alinitolea jora la nyeusi nzuri, nzito, isiyoacha alama. Nikaagiza vipande kumi na moja. Mkataji wake, Mmalawi mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni, akalipeleka jora nyuma kwenye meza ya kukatia.

Wakati akikata, mimi nilikuwa nikimfundisha mwenye duka kazi yake. Nilimweleza kwa nini watu hutia chumvi kwenye maji ya kwanza ya nguo mpya, na kwa nini chumvi peke yake haitoshi kama rangi yenyewe haikushika uzi tangu kiwandani. Alisikiliza kwa adabu. Nilikuwa motomoto, mikono inapaa. Nilipokabidhiwa furushi lililofungwa kwa kamba nikaondoka mbio kuwahi minibasi, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Fundi aliyetushonea alikuwa mwanamke wa Burundi. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kanisa lilimpa kona barazani ashonee humo, maana nyumba yake haikuwa na mwanga. Kona ile ndiyo ilikuwa riziki yake yote. Hakuwa mtu wa maneno. Siku nzima midomo yake ilibana pini. Nilipomletea furushi alilifungua, akapitisha vidole juu ya vitambaa, kimoja baada ya kingine, akasimama.

"Madame," akasema, "hizi nne..."

"Zina nini?"

Akanitazama kidogo. "Hapana, Madame. Nitashona."

Alishona vizuri. Magauni yote kumi na moja yalifanana kola na mikono. Tulikubaliana kuyafua pamoja kwanza kwenye pampu, kama ilivyo desturi ya nguo mpya, kisha tungoje Jumapili iliyofuata ndiyo iwe siku ya kuvaa. Tukafua. Saba yalitoa maji ya kijivukijivu tu. Manne yalichuja rangi mpaka povu likawa zambarau. Mjane mmoja wa Fizi, ambaye hakuwa na subira akalivaa lake likiwa bado na unyevu, alirudi jioni shingo imepakwa zambarau kama aliyekabwa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wote barazani. Prezidanti alishika gauni moja mkono huu na jingine mkono ule.

"Bamama, muangalie. Hii ni kitambaa kimoja hii? Tulimupa huyu mwanamuke bitambaa bizuri, yeye anatubadilishia."

Fundi alisimama akatema pini mkononi. "Mama, mi sikubadilisha kitu."

"Na ile ya kichwa yako ulitoa wapi?"

Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi, kidogo, kilichoungwaungwa vipande. Hakukificha. "Ni ya mabaki. Kwetu mabaki ni ya fundi. Na mi niko na wafu wangu, mama. Wawili."

"Kwetu mabaki inarudi kwa mwenyewe!" mtu akapaza sauti nyuma. Na kweli, Uvira fundi anakurudishia hata vipande vya kushonea kiraka. Pale pale likaja lile neno nililoliogopa, kwamba Warundi ndivyo walivyo. Nchi yao nayo inaungua, tunachota maji pampu moja, lakini likasemwa.

Prezidanti akanigeukia. "Madame, we njo ulinunua. Ilikuwa jora ngapi?"

"Jora moja," nikajibu. "Nilisimama pale likikatwa."

Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Wangu ulikiponza kichwa cha mwenzangu kwanza. Wakaamua papo hapo kwamba ikifika Jumapili fundi awe ameondoa cherehani yake barazani. Yeye alinitazama mimi, si prezidanti, kisha akaketi akaendelea kushona suruali ya mtu. Mimi nikaona kama kutazama kule ni dharau. Damu ikanichemka.

"Msimfukuze bado," nikasema. "Mimi nitathibitisha alichofanya. Kuna namna ya kukiuliza kitambaa chenyewe."

Nilikuwa na karatasi tatu tu za kuchujia zilizobaki. Spiriti haikuwepo, ila kachasu, gongo ya Malawi, haikosekani Dzaleka, na mama yangu, mcha Mungu mwenye kofia ya Jumapili, ndiye aliyetumwa kuinunua maana mzee hasingiziwi upesi. Alirudi ameificha chini ya khanga. "Nikikutwa nitasema ni yako." Niliichemsha kwenye birika iliyozibwa kwa unga uliokandwa, mvuke nikaupitisha kwenye mrija uliozungushiwa vitambaa vya maji baridi, nikakinga matone. Mara ya pili nikayachemsha tena matone yale. Kilichopatikana kilikuwa kisafi, kikishika moto kwa mwali wa buluu. Mama alikinusa akasema afadhali lutuku ya kwetu.

Nilikata vipande vidogo kwenye mapindo: kimoja cha gauni zuri, kimoja cha gauni lililochuja. Kisha nikaenda kwa fundi kuomba kipande cha kitambaa chake cha kichwa. Alikifungua pale pale, akakata mwenyewe kwa mkasi, akanipa. Hakuuliza cha nini. Nilichemsha kila kipande peke yake kwenye maji kidogo yenye magadi mpaka yakala rangi, nikayapunguza kwa moto mpaka yabaki matone, nikaweka tone moja moja kwa kijiti cha kiberiti juu ya mistari ya penseli.

Nilishaliandika jibu kichwani. Kitambaa cha kichwa kingefanana na magauni mazuri: aliiba nzuri, akajivika nzuri, akatuachia takataka. Nikaketi na mama mbele ya vikopo vitatu vya kioo tukangoja.

Ukanda wa gauni zuri ulionyesha buluu iliyobaki karibu na mstari na kahawia iliyopanda kidogo. Ukanda wa gauni baya ulionyesha zambarau iliyokimbia hadi juu, na nyuma yake kijani cha njanonjano. Ukanda wa fundi ulionyesha zambarau hadi juu na kijani cha njanonjano nyuma yake.

"Sasa mwizi gani anaiba ile mubaya?" mama akauliza.

Nikamwambia anyamaze. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi mwenye elimu. Kama aliiba nzuri, iko wapi? Nikajipa jawabu kwamba ameiuza. Siku iliyofuata, Ijumaa, nikafunga kanda zangu ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaenda tena Old Town. Nilitaka kipande cha jora lile lenyewe, ili kesi ifungwe pande zote.

Mwenye duka alinikaribisha kama shangazi yake. Mkataji alipotokeza akacheka: "Amayi a mchere!" Ndilo jina waliloniachia, mama wa chumvi, kwa ile hotuba yangu. Nikawaeleza kwamba nimeibiwa na fundi, nataka kipande cha lile jora moja nililonunua.

"Jora lipi, mama?" mwenye duka akauliza. "Yalikuwa mawili."

"Moja. Nilikuwa hapa hapa."

"Ulikuwa hapa, lakini ulikuwa unanisomesha mimi." Alisema bila ubaya. "Jora la kwanza lilikwisha kwenye kipande cha saba. Huyu akakuita kwa Kichewa, nikakuita mimi kwa Kiswahili. Nikakwambia lililobaki ni la kampuni nyingine, bei yake chini, nitakupunguzia. Ukajibu bila kugeuka: 'Nyeusi ni nyeusi, kata tu, minibasi itaniacha.' Na nikakupunguzia. Hukuona?"

Nilikuwa nimeona kwamba hela ya nauli ilibaki nyingi kuliko nilivyodhani. Nilidhani ni kwa sababu ya ufundi wangu wa kupatana bei.

Nilitaka kumgombeza. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini mkataji alishaleta mabaki ya majora yote mawili, akayalaza mezani bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza nikafanya alichofanya fundi wangu siku ya kwanza: nikapitisha vidole. Moja lilikuwa na uzito wa mkate uliokandwa. Jingine lilikuwa jepesi, lenye ukavu wa karatasi. Kipofu angeyatenganisha. Aibu iliniingia mwilini kama homa, nikaomba kiti.

Kurudi nyumbani nilijishughulisha njia nzima kutunga. Kilikuwa kitu rahisi. Nitasema duka lilitudanganya. Mhindi wa Old Town hatakuja Dzaleka kujitetea. Fundi atabaki na kona yake, prezidanti atapata wa kumlaani, na mimi nitabaki Madame. Hata kwenye kabaza, vumbi likinijaa machoni, sikuona tundu kwenye mpango ule, na sasa pia silioni. Ulikuwa mpango mzuri.

Jumamosi nilipanga vikopo vitano kwenye benchi la baraza, na wanawake wakajaa. Vitatu vya mapindo na kitambaa cha kichwa, viwili vya majora ya duka. Nilifanya kazi yangu polepole kama zamani, nikieleza kila hatua, na nikiri kwamba hata siku ile niliifurahia. Kachasu iliyosafishwa ikapanda. Mtu akasema, "Eh, Mungu." Wanawake waliokuja kumfukuza mtu waliinama juu ya vikopo kama watoto, wakitazama weusi wa kilio chao ukiachana kuwa zambarau na kijani, buluu na kahawia. Mjane mwenye shingo iliyopakwa rangi aliweka kidole kwenye kioo, akafuata ile zambarau ikipanda.

Kila mtu aliona bila mimi kusema. Jora la kwanza lilikuwa mama wa magauni saba. Jora la pili lilikuwa mama wa magauni manne na kile kitambaa cha kichwa.

"Basi duka njo lilitudanganya!" prezidanti akapaza sauti. Wengine wakapokea. Wakamtukana Mhindi yule na ukoo wake. Prezidanti akamwendea fundi, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Unisamehe, dada." Kona ilikuwa imeokoka. Mimi pia nilikuwa nimeokoka, na sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilichohitaji ni kukusanya vikopo.

Nikaanza kuvikusanya. Nilipoinua cha mwisho nikamwona fundi ananitazama juu ya bega la prezidanti, yale yale macho ya siku ya kwanza. Hayakuwa dharau. Yalikuwa ya mtu anayejua jambo na anangoja kuona kama nawe utalisema. Nikatazama ukanda mkononi mwangu, na chini yake ule mstari wa penseli. Miaka yote ile niliwakemea watoto wa watu kwa kuchora mstari kwa kalamu, na sasa mchafuaji wa karatasi alikuwa mimi.

"Duka halikudanganya," nikasema. "Waliniita. Waliniambia jora limekwisha na hili ni jingine. Nilikuwa najionyesha kwa mwenye duka, sikugeuka. Nikasema nyeusi ni nyeusi, kata tu."

Mama yangu alifunika uso kwa khanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"We njo ulituambia jora moja," prezidanti akasema polepole. "Tulikuuliza hapa hapa, tukataka kumufukuza mutu."

"Ni kweli."

"Na wewe," akamgeukia fundi, "ulijua?"

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kola yake. "Mukono inajua, mama. Siku ya kwanza nilijua. Nilitaka kusema, lakini Madame ni mutu amesoma. Na mi ni Murundi, nani angenisikia?" Akagusa kichwa chake. "Mabaki ilikuwa ya namna mbili. Nilichukua ya ile mubaya. Ile nzuri nilifunga kwa karatasi, iko chini ya cherehani. Nilisema ile ni yenu."

Alikwenda akaitoa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, hata vipande visivyozidi kiganja.

Nimesimama mbele ya wakaguzi na mbele ya wanajeshi kwenye vizuizi, na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile mbele ya furushi lile. Nyani haoni kundule. Mimi niliona rangi zilizojificha ndani ya tone la wino, nikashindwa kumwona mtu mzima aliyekaa mbele yangu. Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Akasema, "Imeisha, Madame," kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya.

Gauni langu lilikuwa miongoni mwa yale saba. Nikampa mjane wa shingo ya zambarau, nikachukua lake. Fundi alilipunguza kiuno jioni ile ile. Mama yangu naye alikuwa na gauni zuri, nikamdokeza kwamba mwingine kati ya wale watatu wenye mabaya angefurahi. "Mi sibadilishe," akasema. "We njo ulinunua." Mabaki mazuri prezidanti aliyachukua, akamwambia fundi ajishonee kitambaa kipya cha kichwa, aje Jumapili asimame nasi. Fundi akakubali kuja. Kitambaa kipya akakikataa. Alisema wawili wake wameshakizoea hiki.

Jumapili ilikuwa ya jua kali. Tulisimama nje, nyuma ya kanisa, kwenye ukuta uliobaki wa gereza, wanawake kumi na wawili. Desturi ilitaka kila mmoja ataje watu wake kwa sauti. Kabla ya kufika zamu yangu nilikuwa nimelowa jasho, na nilihisi gauni likianza kuchuja shingoni. Nikageuka kumtazama fundi aliyesimama kando yangu. Kutoka chini ya kitambaa chake mfereji mwembamba wa zambarau ulikuwa unashuka kwenye paji la uso, umefika kwenye nyusi. Naye alikuwa akiitazama shingo yangu. Hakuna aliyenyanyua mkono kujifuta.

Aliwataja wawili wake, mume kisha mtoto, kwa Kirundi. Mimi nikamtaja mdogo wangu. Rangi ikaendelea kushuka, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi, maana wote walijua.